Mchoro wa Kukaliwa: Mchanga na Tiba ya Wanavajo

(Hotuba kwa wanafunzi wa sanaa na wauguzi)

Ndugu mwenyekiti, walimu wetu, wanafunzi wa sanaa, na ninyi wauguzi mliotoka zamu mkaja moja kwa moja: wakubwa zangu shikamooni, wadogo zangu hamjambo.

Niliombwa niseme juu ya sanaa na uponyaji. Ni mada ambayo mtu anaweza kuizungumza saa nzima asiguse kitu. Nimeona nishike jambo moja tu, nalo liko mbali na hapa: michoro ya mchanga ya Wanavajo, kusini-magharibi mwa Marekani. Wengi wetu tukisikia mchoro tunafikiria fremu, msumari na ukuta. Huu hauna hata kimoja. Unachorwa sakafuni, mgonjwa anakalishwa juu yake, kisha unafutwa siku hiyohiyo. Ninachotaka kuwaambia leo ni kwamba kule kufutwa ni sehemu ya dawa, na ugomvi wote uliotokea baadaye kuhusu michoro hii, ugomvi wa makumbusho, wapiga picha na wafanyabiashara, ulizaliwa na watu waliotaka usifutwe.

Mtaona sikuleta picha. Kamati iliniandalia projekta, nawashukuru, lakini itabaki imezimwa. Picha zipo vitabuni na kwenye intaneti, na wazee wengi wa Kinavajo hawapendi michoro ile ionyeshwe nje ya tiba yake; wanasema kuichezea kunaweza kumdhuru anayeichezea. Hamlazimiki kuliamini hilo. Mimi nimeona tu kwamba mgeni mwenye adabu haingii chumba alichoambiwa asiingie.

Wanavajo wenyewe hujiita Diné. Waliosajiliwa ni karibu watu 400,000, na nchi yao, yenye serikali yake ndani ya Marekani, imeenea katika majimbo ya Arizona, New Mexico na Utah. Ukubwa wake unazidi kilomita za mraba 70,000. Unganisha Rwanda na Burundi, bado hazifikii. Ni nchi kavu, ya majabali mekundu na kondoo. Mipaka yao ya asili ni milima minne mitakatifu, kila mmoja na upande wake na rangi yake: mashariki Blanca Peak, nyeupe, kusini Mount Taylor, buluu ya feruzi, magharibi San Francisco Peaks, njano, kaskazini Hesperus, nyeusi. Zishikeni rangi hizo nne, maana tutazikuta sakafuni.

Mwaka 1864 jeshi la Marekani liliwaswaga kwa miguu maelfu ya watu hao hadi kambi ya Bosque Redondo, mashariki mwa New Mexico. Wengi walifia njiani, wengine kambini. Mkataba wa tarehe 1 Juni 1868 uliwarudisha kwao, jambo lililowapata wenyeji wachache sana wa Marekani. Nalitaja kwa sababu tiba ninayoizungumzia imefungamana na ardhi ile. Mawe ya rangi yanachimbwa pale, mitishamba inachumwa pale, na milima ile inatajwa kwa majina ndani ya nyimbo. Ukimtoa Mnavajo kati ya milima yake minne, umemtoa kwenye dawa yake.

Sasa, ugonjwa kwao ni nini? Kuna hali wanayoiita hózhó: uzuri, utulivu, mpangilio na afya, vyote kwa pamoja. Mtu huugua akitoka katika hali hiyo. Anaweza kutolewa na radi iliyopiga karibu naye, na nyoka au dubu aliyemgusa isivyopasa, na kimbunga, na mahali pa wafu alipopakanyaga, au na mwiko aliouvunja bila hata kujua. Mwiko uliovunjwa na mama mjamzito unaweza kumfuata mtoto hadi utu uzima. Kwa hiyo swali la kwanza linakuwa: uligongana na nini?

Anayelijibu swali hilo kwa kawaida si yule atakayesimamia mchoro. Wapo wabaini maradhi. Mmoja mkono wake hutetemeka wakati wa dua, na mtetemeko huo ndio unaosomwa, mwingine hutazama nyota, mwingine husikiliza. Hao ndio wanaosema chanzo ni nini na sherehe gani inafaa. Nalisisitiza hili kwa kuwa najua mtu wa kwetu akisikia mganga na mchanga, mawazo yake yanakimbilia ramli. Mpiga ramli huchora ili aulize. Huku kwa Wanavajo, mpaka mchanga unamwagwa, jibu limeshapatikana.

Hapo ndipo familia humwendea hataalii. Kazi yake ya kwanza ni kuimba. Sisi tungemwita manju, manju ambaye pia ni mganga. Sherehe moja inaweza kuwa na mamia ya nyimbo, pamoja na dua ndefu zinazotakiwa zisemwe bila kukosea neno, na mtu anaweza kujifunza miaka na miaka apate sherehe moja au mbili tu kwa ukamilifu. Kila sherehe ina jina na shabaha yake: Njia ya Baraka, Njia ya Usiku, Njia ya Mlima, Njia ya Upepo, na kadhalika. Nyingine ni za siku mbili, nyingine tano. Njia ya Usiku ni ya usiku tisa, na haifanywi ila majira ya baridi, nyoka wakiwa wamelala na radi zimenyamaza.

Na hataalii analipwa, tusijifanye hatujui mambo haya. Jamaa wote waliokuja lazima wale, kondoo wanachinjwa, kuni zinakatwa. Mwisho wa yote, ukoo mzima unajua nani anaumwa, na kila mmoja ametoa kitu chake. Wauguzi, mnaojua mgonjwa asiye na mtu wa kumletea uji anavyochelewa kupona, sina haja ya kuwaeleza zaidi.

Tuingie ndani. Nyumba ya tiba ni hogani, ya magogo na udongo, na mlango wake unatazama mashariki. Sakafu inafagiliwa. Mchanga safi, wa rangi ya udongo hafifu, unaletwa ndani na kumwagwa, kisha unasawazishwa kwa ule ubao wanaoutumia kushindilia nyuzi wanapofuma mazulia. Rangi zimeshasagwa: nyeupe ya jasi, njano ya udongo, nyekundu ya jiwe la mchanga, nyeusi ya makaa. Buluu inatengenezwa kwa werevu: wanachanganya makaa meusi na ile nyeupe wakapata kijivu, na kijivu hicho kikikaa kando ya nyekundu, jicho linakubali kwamba ni buluu. Wanafunzi wa sanaa, jaribuni wenyewe. Katika Njia ya Baraka hawatumii mawe sana. Hutumia unga wa mahindi, chavua, na maua yaliyosagwa.

Mchoraji anachota rangi kiganjani, anaiachia itiririke kati ya kidole gumba na cha shahada. Basi. Hakuna brashi, wala karatasi ya kuigilizia. Mchoro uko kichwani mwa hataalii, na mara nyingi yeye mwenyewe hagusi. Ameketi pembeni anatazama, anasahihisha. Wasaidizi wanaweza kuwa wanne, sita, au zaidi ya kumi, wakianza katikati na kutanuka kuelekea nje, ili mtu asijikute amezingirwa na kazi yake mwenyewe. Mchoro mdogo hauzidi mkeka wa kuswalia. Mkubwa unaweza kujaza karibu sakafu yote na kuchukua saa nyingi. Kosa likitokea halifutwi. Wanalifunika kwa mchanga wa sakafu na kuchora tena juu yake.

Jambo linalonishangaza kuliko yote ni hili. Wale Watakatifu wanaochorwa, yaani viumbe vitukufu wa simulizi zao, warefu, wembamba, wamepangwa kwa upande na kwa rangi, huchorwa kwanza wakiwa na mwili mtupu. Kisha ndipo wanavikwa: sketi, shanga, manyoya, silaha, mchanga juu ya mchanga. Mtazamaji hatauona mwili ulio chini ya nguo. Lakini upo, kwa sababu aliyechorwa anatarajiwa kuja kweli, na huwezi kumkaribisha mgeni mkubwa ukamtayarishia nguo bila mwili. Kati yao inachipua mimea minne, mahindi, maharage, maboga na tumbaku. Upinde wa mvua unazunguka pande tatu kama mlinzi, na upande wa mashariki unaachwa wazi. Hapo mlangoni huwekwa walinzi wadogo wawili, pengine popo. Nimependa kwamba popo, ambaye hata kwetu hana wa kumsifia, huko amepewa kazi ya mlango.

Mchoro ukikamilika, hataalii anaunyunyizia chavua ya mahindi, na mwele anaingia. Anakalishwa juu yake. Juu kabisa, kwenye kazi ile ya saa nyingi. Hataalii analowanisha viganja kwa maji ya mitishamba, anavibonyeza kwenye miguu ya Mtakatifu aliyechorwa, kisha kwenye miguu ya mwele, na mchanga uliong'ang'ania kiganja unabaki mwilini. Magoti kwa magoti, mikono kwa mikono, mabega, kichwa. Nyimbo haziachi. Nguvu ya yule aliyekuja inaingia kwa mwele, na kile kilichokuwa kinamsumbua kinatoka kuingia mchangani. Ndivyo wanavyolieleza wenyewe.

Sasa tazameni: baada ya hapo mchanga ule umebeba ugonjwa. Nani angependa kuutunza? Mwele anatoka. Waliohudhuria wanaweza kuchukua chembe kidogo kwa ajili ya maungo yao. Kisha mchoro unakorogwa, mchanga unakusanywa na kutolewa nje, ukatupwe upande wa kaskazini. Sherehe ya siku nyingi inaweza kuwa na mchoro mpya kila siku, na kila mmoja una mwisho uleule. Mwele naye hurudi nyumbani na masharti ya siku nne: asiguswe hovyo, asifanye kazi nzito, akae kama mtu aliyebeba kitu kitakatifu.

Kwa mtu wa Pwani hili si geni sana. Tunalo kombe. Fundi anaandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, kwa hati safi, kisha anaiosha kwa maji, mgonjwa anakunywa. Sijawahi kumsikia mtu akilalamika kwamba hati nzuri kama ile ingetunzwa kabatini. Aliyekunywa ndiye aliyeitunza.

Naona wauguzi wawili watatu wananitazama kwa jicho lile ninalolijua. Simwambii mtu aache vidonge vya kifua kikuu akakalie mchanga. Wanavajo wenyewe hawakusema hivyo. Annie Dodge Wauneka alichaguliwa kuingia baraza lao mwaka 1951, wakati kifua kikuu kikiwamaliza watu wake, na kazi ya afya ikawekwa mikononi mwake. Alijifunza ugonjwa ule kwa madaktari, akaenda hogani kwa hogani akiwaeleza watu kwa Kinavajo kwa nini wakae hospitali mpaka wamalize dawa. Akakaa pia na mahataalii, akawaeleza, akawasikiliza. Hakuwaita wachawi. Ilifika mahali mganga mwenyewe akimwambia mgonjwa nenda hospitali kwanza, na daktari naye akikubali mgonjwa arudi nyumbani kwa sherehe yake. Mwaka 1963 Wauneka alipewa Nishani ya Rais ya Uhuru, nishani ya juu kabisa ya kiraia nchini Marekani. Kwa maoni yangu alistahili mbili.

Mwaka 1993 mambo yaligeuka kidogo, safari hii madaktari ndio waliohitaji kufundishwa. Vijana wenye afya walianza kufa ghafla kwa kushindwa kupumua, katika eneo lile ambapo majimbo manne yanakutana. Wazee na waganga wa Kinavajo walisema: mvua zimekuwa nyingi, mbegu za misonobari zimezaa sana, panya wamejaa, na tangu zamani tunafundishwa panya asiguse chakula wala nguo zetu. Uchunguzi wa maabara ukakuta kirusi cha jamii ya hanta, kinachobebwa na panya wa porini. Wakati huohuo magazeti yalikuwa yameshauita ugonjwa ule kwa jina la Wanavajo, na watoto wao wakatengwa kama vile wao ndio walioubeba.

Turudi kwenye kufutwa. Ipo simulizi ndani ya sherehe zao, iliyoandikwa tangu karne ya 19, ya mtu aliyefika kwa Watakatifu akaonyeshwa michoro hii. Watakatifu walikuwa nayo katika kitu cha kudumu, cha kukunja na kukunjua. Alipoagizwa aifikishe kwa watu wake, aliambiwa wao waichore kwa mchanga, kwa kuwa binadamu si wema kama sisi: mkipewa cha kudumu mtakigombania, mtakirarua.

Na kweli, tazameni kilichofuata. Daktari wa jeshi aliyeitwa Washington Matthews alipangiwa kituo cha Fort Wingate miaka ya 1880, akaruhusiwa kuingia hogani, na mwaka 1887 akachapisha maelezo ya Njia ya Mlima pamoja na michoro yake. Baada yake wakaja wengi. Nitamtaja mmoja tu, tena yeye ni Mnavajo: Hosteen Klah, aliyezaliwa 1867. Alikuwa hataalii mkubwa wa Njia ya Usiku, na pia mfumaji hodari. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia alianza kufuma michoro ya mchanga kwenye mazulia makubwa. Majirani waliogopa, walitarajia apofuke au afe. Akafanya sherehe za kujikinga, akaendelea kufuma, na wapwa zake akawafundisha. Franc Newcomb, mke wa mwenye duka wa karibu, alikuwa akiingia kwenye sherehe zake, anatazama bila kuandika, kisha anarudi nyumbani na kuchora kwa kumbukumbu. Klah aliruhusu hilo. Mwanafunzi aliyetarajia amrithi alifariki kabla yake, na mtu aliyebeba kichwani nyimbo za usiku tisa bila wa kumwachia, sidhani kama mimi au wewe tuna haki ya kumhukumu.

Klah alifariki 1937, na mwaka huohuo huko Santa Fe ikafunguliwa nyumba ya makumbusho aliyoibuni pamoja na tajiri wa Boston, Mary Cabot Wheelwright, ikiwa na umbo la kuigiza hogani. Mazulia, nakala za michoro, nyimbo zilizorekodiwa na mafurushi matakatifu ya tiba vikaingia humo. Hapo ule ugomvi waliotabiri Watakatifu ukaanza kwa taratibu za kisasa, kwa barua na vikao. Mwaka 1977 makumbusho hayo yaliwarudishia Wanavajo mafurushi kadhaa ya tiba, yakapelekwa kwenye chuo chao huko Tsaile, Arizona. Mwaka uliofuata Marekani ikapitisha sheria ya kulinda uhuru wa dini za wenyeji. Miaka mia moja na kitu baada ya kambi ya Bosque Redondo.

Halafu kuna soko. Ukienda leo kwenye maduka ya kusini-magharibi mwa Marekani utakuta michoro ya mchanga iliyogandishwa kwa gundi juu ya ubao, biashara iliyoshika kasi kuanzia miaka ya 1950. Wachoraji wengi ni Wanavajo, na wengi huacha kitu kimoja, au hubadilisha rangi, au hupindua upande, ili kilicho ubaoni kisiwe kile chenyewe. Wapo wanaowalaumu. Mimi sina mdomo wa kumlaumu mama anayelipa ada ya shule kwa mchanga na gundi, ilimradi yeye ndiye aliyeamua aache nini.

Nilicho nacho mdomo ni kwa sisi wasanii. Mwaka 1941 Wanavajo walichora mchanga hadharani ndani ya Jumba la Sanaa ya Kisasa la New York, na mchoraji Jackson Pollock akaona. Baadaye alitandika turubai chini, akamwagia rangi akiizunguka, na mwenyewe alisema njia hiyo inafanana na ya wachoraji mchanga wa Magharibi. Alikuwa mkweli kutaja. Lakini turubai zake zilinyanyuliwa, zikatundikwa, zikauzwa kwa mamilioni. Hakuna aliyewahi kukaa juu yake akiumwa. Mwanafunzi atakayeandika kwamba ni sanaa ileile, mimi nampunguzia alama.

Wasiwasi wa wazee wenyewe haupo sana kwenye mbao za dukani. Uko kwenye muda. Nani leo, mwenye ajira mjini na watoto shuleni, atakaa na mzee miaka kumi ajifunze nyimbo za usiku tisa? Mwaka 2020 korona ilipowapiga Wanavajo vibaya kuliko karibu sehemu nyingine yoyote ya Marekani, ilichukua wazee, na ikazuia mikusanyiko ambayo bila hiyo hakuna sherehe.

Waliwahi kujaribu njia moja ninayoipenda. Mwishoni mwa miaka ya 1960, katika shule ya Rough Rock, Arizona, ambayo Wanavajo waliiendesha wenyewe, ulianzishwa mpango wa kufundisha mahataalii. Darasa lilikuwa nyumbani kwa mwalimu, na mtihani ulikuwa kuimba. Fedha zilitoka Taasisi ya Taifa ya Afya ya Akili ya Marekani, na walimu na wanafunzi walilipwa posho. Sasa, kwa sisi wa nchi hii, mtu akitaja posho kila mmoja anakaa vizuri kwenye kiti, basi naona nisimamie hapo kabla mwenyekiti hajanionyesha saa.

Ahsanteni sana. Maswali nayapokea, nikianza na wauguzi kwa sababu najua wana zamu.